Colin Trenwith na Diski Iliyokwenda Broken Hill

Mchungaji, shemeji yangu Noelene, watoto, majirani wa Moonta, na ninyi wa kundi la Jumamosi mliokuja na bisibisi mifukoni hata leo, mimi ni Garth Trenwith, nimepewa kazi ya kuwasomea historia ya kaka yangu, kazi ambayo wengi humu ndani mnajua sikuistahili, kwa hiyo nitajiita "mdogo wake" na kuendelea, maana leo si siku yangu.

Colin James Trenwith alizaliwa tarehe 14 Mei 1955 hapa hapa Moonta, mtoto wa kwanza wa marehemu Harold, mpakia ngano wa bandari ya Wallaroo, na marehemu Edna, akasoma shule ya msingi mjini hapa kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha sekondari ya Kadina hadi Desemba 1971, ambako walimu waliandika kwamba ni mtulivu, mwerevu, na hawezi kuiona redio nzima bila kuifungua.

Januari 1972 aliajiriwa kuwa fundi wa simu, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini na mmoja bila kuugua hata wiki moja, akipanda nguzo za rasi hii yote katika jua na upepo, hadi alipostaafu tarehe 28 Juni 2013. Alifunga ndoa na Noelene Rodda hapa kanisani Jumamosi ya tarehe 8 Oktoba 1977, wakajaliwa watoto wawili, Tamsin mwaka 1980 na Craig mwaka 1983, na wajukuu watatu ambao aliwadekeza mpaka wazazi wao wakalalamika.

Sasa nafika mahali ambapo shemeji aliniambia, "Garth, hapo unaweza kuruka," nami nikamwambia siruki.

Mwaka 1984 Colin na mdogo wake walinunua kompyuta moja kwa kuchangiana, na kwa miezi kumi na minne wakaandika mchezo ambao mchezaji anashuka ngazi za machimbo ya shaba ya mji huu, chumba baada ya chumba, Colin akichora vyumba na mdogo wake akiandika programu, na ulipokamilika kampuni moja ya Adelaide ikasema iletewe diski Jumatatu ya tarehe 2 Desemba 1985. Jumapili ya kuamkia siku hiyo Colin alitaka kutoa nakala ya akiba, akachanganya diski mbili, akainakili ile tupu juu ya ile iliyojaa, na mchezo wote ukafutika. Mdogo wake alimwambia maneno mabaya, kwamba amefanya kusudi kwa wivu, akafunga mizigo akaenda kuchimba madini Broken Hill, na hata walipomzika mama yao mwaka 1994 walisimama huyu upande huu wa kaburi na yule upande ule, na barua tatu za Colin zilirudishwa bila kufunguliwa.

Alipostaafu, Colin aliligeuza banda la gari kuwa hospitali ya kompyuta kuukuu. Watu walimletea maboksi ya diski zilizoota ukungu, naye akayavuna yaliyomo, kila diski nzima akaihifadhi kama faili moja kwenye kompyuta yake mpya, kisha, kwa kuwa mashine ya kale haijui faili bali inajua diski tu, akaliandika upya faili hilo kwenye diski nyingine na kumkabidhi mwenyewe ailishe mashine yake. Alikuwa na amri moja, nanyi wa Jumamosi mliokuwa mkijazana bandani mwake mnaijua: diski iliyotumika ipitishiwe kwanza sumaku, ifutike kabisa, kwa sababu kichwa cha kuandikia cha kisasa ni chembamba, hakifuniki njia yote iliyoandikwa na kichwa cha zamani, ni kama kupaka rangi kwa brashi ndogo juu ya mstari mnene, kingo za zamani zinabaki, na mashine yenye kichwa kipana inasoma ya jana na ya leo pamoja mpaka inachanganyikiwa. "Sumaku kwanza, enyi wakaidi!" alikuwa akifoka. "Hata mimi msiniamini!"

Mlidhani anawasaidia ninyi, na kweli aliwasaidia, lakini Noelene anasema kila boksi alilifungua akitafuta kitu kimoja. Septemba 2018 alikipata. Mwalimu mstaafu wa Port Pirie, Bibi Iris Hockaday, alileta boksi, na ndani yake mlikuwa na nakala ya ule mchezo aliyopewa na Colin mwenyewe mwaka 1985 awajaribishie wanafunzi, nakala ambayo sote tuliisahau. Colin alilia bandani peke yake, akafanya kazi wiki sita, kisha akaiandika kwenye diski, akaijaribu kwenye mashine yake, ikafunguka, akaituma Broken Hill bila barua.

Mdogo wake alikuwa bado anayo kompyuta ile ile waliyoinunua pamoja, ameifunika shuka, ingawa angeulizwa angekana. Aliiwasha, akaingiza diski, mashine ikakoroma, ikasema haisomeki, akajaribu mara nne, akaamini kwamba kaka yake amemtumia diski mbovu ili kumcheka, akaitupa kabatini. Huku Colin akawa anakwenda kwenye sanduku la posta kila asubuhi, hata Noelene akamtania, "Colin, hilo sanduku halitagi mayai," naye akajibu, "Leo huenda likataga," hivyo hivyo kwa miaka sita.

Agosti 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Adelaide hadi Februari mwaka huu, akaomba arudi nyumbani. Tarehe 27 Februari Tamsin alimpigia baba yake mdogo, akamshikia baba yake simu.

"Ile diski ilifunguka?" akauliza Colin.

Mdogo wake hakutaka kugombana na mgonjwa, akasema uongo, "Ilifunguka."

"Ukashuka mpaka chini? Ukaliona swali langu?"

"Nililiona."

"Na jibu?"

"Jibu si unalijua, kaka."

"Haya, mdogo wangu. Nimelijua miaka yote hii."

Mdogo wake alikaa siku tano akitafuta sababu za kutokuja, akaja Jumanne ya tarehe 4 Machi, akafika saa tisa mchana, na Colin alikuwa amefariki saa mbili asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Adelaide na Wallaroo, majirani walioleta supu mpaka jokofu likagoma kufungwa, mafundi simu wenzake, na kundi la Jumamosi.

Karatasi niliyopewa na shemeji inaishia hapa. Yanayobaki ni yangu.

Ijumaa nilimpa Noelene ile diski, niliyokuja nayo, nikamwambia kwangu haikusomeka. Akaniuliza, "Mashine yako ina kichwa kipana? Basi alisahau sumaku, mume wangu, alikuwa na haraka nawe." Tukaiweka kwenye mashine ya Colin, yenye kichwa chembamba, ikafunguka mara moja. Nikashuka ngazi zote, na chini ya chumba cha mwisho kulikuwa na chumba ambacho hatukukichora pamoja, kimeandikwa: "Garth, Krismasi hii naweza kuja? N au H."

Sijui kama mwaka ule ningebonyeza ndiyo. Namwomba Mungu iwe ningebonyeza. Ijumaa nilibonyeza N, na kioo kikaandika: "Bandika birika, nakuja."

Ndiyo, kaka. Ndiyo, ndiyo. Umengoja vya kutosha, sasa pumzika, na amani iwe juu yako.