Hilkka Aliyegoma Kustaafu Mpaka Fomu Ziwe Salama

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi mitano, Hilkka Tirkkonen anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Septemba. Ilikuwa aondoke Mei. Keki ya kumuaga ilishaagizwa, tukaila wenyewe huku yeye akiendelea na kazi mezani pake. Kwa nini hakuondoka, hakuna humu anayejua kama mimi, na sijisifu, ingawa sababu ninazo.

Alianza kwa kupokea simu za wateja. Ufundi wa programu aliupata kwa kusimama nyuma ya mafundi na kuwauliza maswali mpaka wakamwachia kiti. Ameshaaga mabosi wanne. Huyu wa tano, Osmo, aliwahi kuingia ofisini na viatu vya matope, akarudishwa mlangoni kama mtoto wa chekechea.

Sasa hiyo ya Mei. Programu yetu ya wauguzi wanaotembelea wagonjwa majumbani ni dirisha moja dogo linaloonyesha kurasa kama za mtandao. Haina kitufe cha kurudi nyuma wala mahali pa kuandika anwani. Ni nyepesi, na wepesi huo tuliutangaza mpaka Helsinki. Aprili, Sirkku, muuguzi wa Suonenjoki, alijaza fomu ya mgonjwa kwa dakika arobaini, kisha akabofya kiungo cha mwongozo wa dawa kilichokuwa chini yake. Mwongozo ukafunguka humo humo, ukakalia nafasi ya fomu. Maelezo yote yakaenda, na njia ya kuyarudia hakuna.

Osmo akataka viungo vifutwe, yaishe.

“Atakisia dozi, Osmo,” Hilkka akamwambia. “Halafu utakwenda wewe kumweleza mgonjwa?”

“Wewe mwezi ujao umestaafu, uko ziwani, Hilkka. Inakuhusu nini?”

“Ziwa halihami. Siondoki huku fomu za watu zikimezwa.”

Kazi nikapewa mimi, na ubingwa wangu mnaujua. Kwa siku moja nilikuwa nimemaliza: kila kiungo kikibofywa, kinakabidhiwa kwa kivinjari cha kompyuta, kifungukie huko nje. Kila kiungo, pamoja na kile cha kwenda ukurasa wa pili wa fomu yetu wenyewe. Hilkka akabofya mara tatu, akapata kurasa tatu tupu.

“Veeti, mwanangu, umefukuza wageni pamoja na wenye nyumba.”

Nikamwambia mteja atazoea.

“Mteja ni mimi. Vuta kiti.”

Julai, mji wetu wote wa Kuopio ukiwa likizo kwenye nyumba za ziwani ukila soseji, sisi wawili tulikuwa ofisini. Kurasa zetu zikabaki ndani. Anwani za tovuti na za barua pepe zikatoka nje. Nyingine yoyote, hasa ile inayoweza kuamsha programu ngeni kwenye kompyuta ya muuguzi, ikakataliwa kabisa. Viungo vilikuwa mia mbili kumi na vinne. Alivibofya kimoja kimoja, akiweka alama kwa penseli, na nilipopiga miayo alinimiminia kahawa bila kuniuliza.

Mwanzoni mwa Septemba Sirkku akampigia Hilkka simu.

“Mwongozo umefunguka pembeni. Fomu yangu ninaiona hapa.”

“Maelezo yote yapo?”

“Yote. Mpaka jina la mbwa wa mgonjwa nililolikosea.”

Hilkka akakata simu, akatoa barua yake ya kustaafu kwenye droo, akaitia sahihi na kumpelekea Osmo. Osmo aliisoma mara mbili.

Hilkka, asante kwa yote, na kwa lile la Julai asante mara mbili. Tunakuombea afya, sauna yenye moto wa kutosha, na asubuhi ndefu zisizo na simu ya mtu. Nenda kwa amani. Wauguzi wanaandika, na walichoandika kinabaki.

Veeti Pasanen, kwa niaba ya wenzako wote