Kocho, Kamba na Mwalimu Askalech

Mgeni rasmi, Ato Sebro Degefe, Mkuu wa Elimu wa mkoa wetu, Mkuu wa Shule, walimu, na mama zetu mlioacha vyungu vya Meskel, sikukuu yetu ya Msalaba, jikoni mkaja kutusikiliza:

MAKARIBISHO

Karibu nyumbani. Meskel ikifika, watu wetu wote walio mijini hurudi Gurage kula kitfo, nawe umerudi kama wenzako, ila sisi tumekudaka kabla hujaifikia nyama. Utuwie radhi. Tuna furaha hadi msomaji wetu, Zebider, anatetemeka kama mnavyomwona.

HISTORIA

Chama chetu cha Kemia ya Viumbe kilianza siku Mwalimu Askalech alipoingia darasani na kipande cha kocho, mkate wetu wa inseti, mkono mmoja, na mkono wa pili kamba ya inseti hiyo hiyo, mgomba wetu usiozaa ndizi za kula.

"Nani atakula hiki?"

Dinberu, asiyejua kukataa chakula, alinyoosha mkono.

"Na hii kamba?"

"Hiyo mpe ng'ombe, Mwalimu!"

"Kwa nini ng'ombe aiweze, wewe ikushinde? Vyote vimetoka kwenye mgomba mmoja. Wanga wa kocho ni mnyororo wa glukosi. Nyuzi za kamba nazo ni mnyororo wa glukosi. Haya, niambie."

Ndipo tukajua kwamba kwenye wanga glukosi zote zimeshikana zikielekea upande mmoja, na tumbo letu linaweza kuzifungua. Kwenye nyuzi kila moja imepinduliwa kando ya mwenzake, na hapo tumbo letu linanyoosha mikono juu. Ng'ombe ana vijidudu tumboni vinavyomsaidia. Tangu siku hiyo hatukariri tena, tunabishana.

MAFANIKIO

Tumejenga glukosi kwa mikono yetu. Atomi tulizifinyanga kwa bulla, ule unga mweupe wa inseti, tukaziunganisha kwa vijiti. Mama yake Birke alitukuta.

"We Birke! Bulla ya uji wa mzazi unaigeuza gololi?"

"Mama, hii ni sayansi."

"Basi mzazi akanywe sayansi!"

Mama yupo hapa leo, na amekwisha kutusamehe.

Darasa lilipojaa, wengine walikaa nje. Mwalimu alikuwa amechora glukosi kwenye nailoni angavu na kuitundika dirishani, kwa hiyo wa nje waliinakili kwa nyuma. Walipoijenga, kila atomi ilikuwepo, lakini kulia kumekuwa kushoto. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. "Wanangu, mmetengeneza sukari tamu ulimini ambayo mwili haujui kuitumia. Mngeila mkafurahi, huku mnakufa njaa!" Hakuna aliyeisahau isoma hiyo, yaani atomi zile zile kwa mpangilio mwingine, hadi leo.

Mitihani tumefaulu vizuri. Nafasi tuliyoshika hatuitaji, kwa sababu walimu wa shule jirani wamo humu.

CHANGAMOTO

Maabara hatuna, na maji ya bomba huja yakijisikia.

Mwalimu, utusamehe. Ulipoturekebishia risala hii, maneno yanayofuata hayakuwemo. Tumeyaongeza asubuhi ya leo.

Mgeni rasmi, tumesikia Mwalimu Askalech anahamishwa baada ya sikukuu, na atakuja mwingine mwenye shahada ile ile. Hatumdharau huyo ajaye. Lakini glukosi na fruktosi zina atomi zile zile, kwa idadi ile ile, na bado si kitu kimoja. Tunaumia. Tumesema hivyo wazi kwa sababu neno la heshima linalotosha hatukulipata.

MAOMBI

Tuliandika darubini, tangi la maji na vioo vya madirisha. Tumevifuta vyote. Tunaomba Mwalimu abaki.

Tunajua risala hujibiwa kwa "nimesikia, nitalifanyia kazi." Leo hotuba hatuitaki. Mwalimu Askalech, tafadhali inuka. Kocho na kitfo vipo mbele yako. Mfungie mgeni wetu tonge, umlishe kwa mkono wako.

Mgeni rasmi, wewe ni wa hapa hapa, unajua tonge la mkononi halikataliwi. Ukilipokea, tutajua Mwalimu amebaki. Tafuna taratibu, mate yako yataanza kuuvunja ule wanga kuwa sukari, nasi tutasimama hapa kimya mpaka umeze.

Mungu aibariki mikono yenu wawili, na Meskel ijayo atukutanishe tena tusipungue hata mmoja.

Ni sisi,
Chama cha Kemia ya Viumbe,
Shule ya Sekondari ya Wegramo, Gurage.