Kwenda Kazini Bila Kazi

Nianze na lile nililolikana mwaka mzima: sikuwa mshauri wa kujitegemea kama nilivyowaambia watu. Sikuwa na kazi. Mradi ulifungwa, wafadhili wakaondoka, na mimi nikabaki na kitambulisho chenye picha nzuri kuliko sura yangu.

Kila asubuhi, Malangali ikiwa bado na baridi ya kung'ata, nilivaa sweta, nikabeba begi, nikaenda "kazini". Kazini kwenyewe ni benchi la stendi ya mabasi. Jirani akiniuliza, "Dada, kazi?" najibu, "Imebana!" Chekeni tu, chuo kikuu hawakunifundisha uongo, huo niliusomea mwenyewe.

Nyuma ya nyumba mahindi yangu yalimezwa na magugu. Mnajua desturi yetu: huingii shamba la mtu na jembe mpaka akuite. Akikuita unaenda, na zamu yako ikifika naye anakuja. Mimi sikumwita mtu. Ningewaita majirani kwenye palizi, wangejiuliza mtu wa ofisi anakosaje hela ya vibarua.

Wakati huo mama yangu, kule Muze, aliteleza kwenye matope akavunjika mguu. Sikujua. Majirani walitaka kunipigia simu, akawakataza: "Msimsumbue mwanangu, yuko kazini." Wakamfunga mguu wenyewe kwa vijiti, ukaunga vibaya. Ndugu zangu, mwanawe mwenye kazi nyingi alikuwa amekaa benchini anaangalia mabasi.

Binamu yangu aliyepandisha mchele kutoka Muze kuja kuuza ndiye aliyenikuta pale stendi. "Dada, leo ofisi imefungwa?" Kisha akanieleza habari za mama. Nililia mbele ya wapiga debe, na kumbe wapiga debe wanajua kunyamaza.

Sikurudi nyumbani. Nilikuja hapa, kwenye kikundi hiki cha tuliopoteza kazi, ambacho nilizoea kukipita nikiangalia upande wa pili. Nikasema, "Sina kazi."

Mwenyekiti akajibu, "Tunajua, mama. Ulitoka na begi hata Mei Mosi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuingiliaje? Hukutuita."

Asanteni. Mlipalilia shamba langu ingawa mahindi yalikuwa yamekwisha kudumaa. Mlinisindikiza kufuatilia mafao niliyoona aibu kuyaulizia. Mkanipa vijana wenu niwafundishe kuandika barua za kuomba kazi, mimi ambaye za kwangu hazijibiwi. Ajira sijapata bado. Mama anachechemea, na mguu ule hakuna kikundi kitakachounyoosha. Nyinyi mliokaa kule nyuma na mabegi yenu, semeni mapema. Mimi nilificha aibu yangu, akaumia mwingine.

Siku ile ile niliyokuja hapa, mwenyekiti aliniazima simu, maana yangu haikuwa na salio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeshatoka kazini?"

"Mama, sina kazi. Mwaka mzima sasa."



"Kwa hiyo siku zote nilizolala hapa, ulikuwa na nafasi?"

"Nilikuwa nayo, mama."

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Basi njoo kesho. Nimechoka kuogeshwa na watu baki."