Mzee Mikono Nyuma na Sauti Iliyobaki Kwenye Kompyuta

Wapendwa wetu mliokuja kukaa nasi, mimi ni mke wa mtoto wake wa mwisho, na nimesimama hapa kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyenichagua, ingawa katika familia wapo waliosoma kunizidi, na ingawa hadi juzi hatukuwa na hakika kama historia hii ingesomwa na mtu au ingesemwa na kompyuta kwa sauti ya marehemu, jambo ambalo nitalieleza nikifika mahali pake. Naomba mnivumilie nikisoma polepole.

Baba yetu, ambaye mtaani wote tulimwita Mzee Mikono Nyuma, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 katika nyumba za wafanyakazi wa posta, akiwa mtoto wa tatu wa opareta wa simu na mke wake mshonaji. Kazi ya baba yake ilikuwa kukaa mbele ya ubao wenye matundu mengi, masikio yamefunikwa, akichomeka waya huku na kuchomoa kule ili mtu wa mji mmoja aongee na mtu wa mji mwingine, na marehemu, ambaye kila mchana alitumwa kumpelekea chakula, alipenda kusimama mlangoni akitazama. Alitusimulia kwamba watu walidhani simu inajiendesha yenyewe, lakini yeye alijua tangu utotoni kuwa nyuma yake yupo mtu, tena mtu mwenye njaa, na katika maisha yake yote, kila kilipoingia kitu kipya, swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo, nyuma yake yuko nani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960 akamaliza mwaka 1966, kisha akasoma sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1970. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, ila aliwahi kuchapwa kwa kuifungua saa ya ukutani ya mwalimu mkuu, akairudisha ikiwa inatembea vizuri, na skrubu moja ikabaki mfukoni mwake, nayo aliitunza hadi uzeeni, akisema saa ile haikuwahi kuihitaji.

Baada ya mafunzo ya ukarani aliajiriwa mwaka 1972 katika bohari ya kiwanda cha nguo, na hapo ndipo alipokutana na mpiga taipu wa ofisi ya meneja, dada aliyekuwa akiandika bila kutazama vidole, wakafunga ndoa tarehe 1 Septemba 1979. Walijaliwa watoto watatu, shemeji yangu mkubwa aliyezaliwa mwaka 1980, ambaye ni mhandisi wa kompyuta, wifi yangu aliyezaliwa mwaka 1984, ambaye ni mwalimu, na mume wangu aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye ni fundi umeme.

Mwaka 1986 kiwandani ililetwa kompyuta ya kwanza, ikawekwa katika chumba chenye pazia na feni yake peke yake, ikafunikwa kitambaa cheupe kama bibi harusi, na wafanyakazi wakawa wanapita mlangoni kwa kunyata. Marehemu alipelekwa mafunzo ya wiki chache, akarudi macho yanawaka, na mtu wa kwanza aliyetaka kumfundisha ni mke wake, kwa sababu minong'ono ilikuwa imeshaenea kwamba wapiga taipu hawatahitajika tena, na mama alikuwa halali vizuri. Alimkalisha kwenye kiti, akainama juu ya bega lake, akabonyeza hiki na kile kwa haraka huku akieleza, na alipomaliza akamuuliza kama ameelewa. Mama akainuka, akachukua mkoba wake, akamwambia, "Umejifundisha mwenyewe, mume wangu, mimi nilikuwa nakuzibia tu mwanga."

Kesho yake marehemu alisimama nyuma ya kiti kile kile, akaishika mikono yake mgongoni, akaapa kwamba hataigusa kibodi hata mama akosee vipi, na mama alikosea sana, akafuta barua ya meneja, marehemu akang'ata midomo lakini mikono haikutoka mgongoni. Mama hakupoteza kazi, aliishia kuwafundisha wenzake, na hadi leo ndiye mwenye kasi kuliko sote nyumbani. Kuanzia siku ile marehemu hakumfundisha mtu yeyote kwa namna nyingine, na jina la Mikono Nyuma likamganda.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1998, wenzake wengi walivunjika moyo, lakini yeye mwaka uliofuata alifungua duka la intaneti pale karibu na kituo cha mafuta, akiwa na kompyuta mbili zilizokwisha kutumika na laini ya simu iliyokuwa ikipiga kelele kila inapounganishwa. Wateja walipolalamika kuhusu kelele ile aliwaambia mashine zinasalimiana, waziache zimalize, si adabu kumkatiza mtu salamu. Aliwawekea wazee mto kwenye kiti, alizikuza herufi kabla hawajaomba, aliielekeza feni kwao huku yeye akitokwa jasho, na mtu alipokuwa akiandika barua ya mambo ya ndani, alikigeuza kiti chake kikatazama ukuta. Jirani yetu mshonaji, aliyeketi hapo mbele, alimpata kaka yake aliyepotezana naye tangu ujana wao kupitia kompyuta ya pembeni, na siku jibu lilipofika marehemu hakumsomea, ingawa mshonaji alikuwa akimwomba, alisimama tu nyuma yake akasubiri, akamwambia asome mwenyewe, kwa kuwa ndugu ni wake.

Simu za mkononi zilipoingia na intaneti ikawa mfukoni mwa kila mtu, duka likabaki kimya, na watu wakawa wanakuja kumpa pole kana kwamba amefiwa. Yeye alishangaa, akawajibu kwamba alikuwa akiwabebea maji kwa ndoo, sasa bomba limefika kila nyumba, yeye alie kwa nini, kisha akaligeuza duka kuwa mahali pa kutengenezea vifaa na kufundishia. Hakupenda simu zilizogandishwa kwa gundi, alisema kifaa ambacho mwenyewe huwezi kukifungua bado umekipanga, hujakinunua. Pia hakupenda habari za kusambazwa kwenye kundi la familia, na mtu akituma habari ya kutisha aliuliza nani kaiona kwa macho yake, hata wifi yangu akawa anafikiria mara mbili kabla ya kutuma dawa za vitunguu.

Lakini hakujiona anajua yote. Aliwahi kutangaza mbele ya wateja kwamba simu za kuandikia kwenye kioo hazitadumu mwaka, vidole vitateleza, watu watarudi kwenye vitufe, na alipoona amekosea alibandika karatasi mlangoni iliyoandikwa, "Kuhusu kioo, nilikosea," ikakaa pale hadi jua lilipoifuta. Na miaka hii ya mwisho, zilipokuja programu za kompyuta zinazojibu maswali kama mtu, alifurahi kama mtoto, akaziuliza habari za nyota, za mchwa, za saa za ukutani, hata siku moja akaiuliza moja kuhusu mashine za kile kiwanda chake, ikamjibu kwa kujiamini mambo ambayo hayakuwahi kuwepo. Alicheka hadi akakohoa, akasema inajibu kama shemeji anayeulizwa njia mbele ya wakwe, bora akupoteze kuliko kukiri hajui.

Mimi niliingia katika nyumba hii mwaka 2017 nikiwa na cheti cha darasa la saba, na nilikuwa nikipita mbali na meza ya kompyuta kama mtu anayempita mbwa aliyefungwa. Marehemu hakunicheka wala hakunihimiza, ila nilipokuwa na mimba ya binti yetu, miguu imevimba, aliniletea kigoda cha kuwekea miguu, na kigoda kile akakiweka chini ya meza ya kompyuta, basi nikawa sina pa kukaa ila pale. Hivyo ndivyo nilivyoanza, na historia hii ninayoisoma nimeichapa mwenyewe.

Mwaka 2021 sauti yake ilianza kukwaruza, tukadhani ni vumbi la mashine, na mwaka uliofuata vipimo vilionyesha saratani ya koo, akafanyiwa upasuaji mwezi Agosti 2022, akapona kidonda lakini sauti ikaondoka yote. Nyumba iliyokuwa na mzee wa kuongea tangu asubuhi ikawa inasikika feni tu. Ndipo shemeji yangu alipozikusanya rekodi za masomo ambazo baba alikuwa akiwatumia wanafunzi wake, akakaa nazo miezi mingi baada ya kazi, akaitengeneza sauti yake ndani ya kompyuta, ili marehemu akiandika neno, kompyuta ilitamke kama alivyokuwa akitamka yeye. Siku ya kwanza marehemu aliandika, "Mama watoto, chai yangu iko wapi?" na mama akaja na chupa ya chai huku akilia na kumwambia kumbe ugonjwa haukumpunguzia ubwana, na sote tukacheka na kulia kwa pamoja. Sentensi ile ikawekewa kitufe chake, akawa anaibonyeza kila jioni, na mjukuu wake akajifunza kuibonyeza pia.

Mwezi Februari mwaka huu, madaktari walipotuambia ugonjwa umerudi na umesambaa, shemeji alimwomba baba ruhusa, tukiwa wote sebuleni, kwamba siku ya kuagwa kwake sauti ile ndiyo isimulie maisha yake, watu wamsikie akijieleza mwenyewe. Alilisema kwa upendo, na sikumwona mtu aliyemlaumu, maana hata mimi nilitamani. Mama aliendelea kukunja nguo. Marehemu hakujibu siku ile, wala wiki ile, na tulijua linamwelemea, kwa sababu huyu alikuwa mtu aliyepokea kila kitu kipya kwa mikono miwili.

Jibu lake alilitoa Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Aliandika kwa muda mrefu, akabonyeza, na sauti ile ile ikatuambia, "Nikiwa hai, nyuma ya sauti hii nipo mimi. Nikishakufa, nyuma yake hakuna mtu, na msiwaambie watu kwamba yupo." Kisha akaandika tena, akaninyooshea kidole, na sauti ikasema, "Asome huyu. Anasoma polepole, watu watasikia." Nilimwambia baba, mimi nimeishia darasa la saba, nitakwama mbele za watu, nikamwomba amtafute mwingine, au basi aniandikie yeye nisome.  Aliinuka kwa shida kutoka kwenye kiti, akasimama, akaiweka mikono yake mgongoni, akanitazama.

Shemeji kwa siku kadhaa alikuwa mtu wa kujifungia, na mimi nilimwelewa, kwa kuwa alikuwa ameombwa aizime kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Marehemu aliaga dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, akiwa kitandani kwake, mama ameushika mguu wake kwa kuwa mikono ilikuwa imeshikwa na watoto. Jioni ile shemeji aliniomba, kwa upole sana, kama ningekubali sauti ile isome japo sehemu ndogo ya mwisho, watu waage, nami sikuwa na nguvu ya kumkatalia, nikasema tutazungumza kesho.

Kesho yake, nyumba imejaa wageni, binti yangu alipanda kwenye kiti cha babu yake akabonyeza kile kitufe, na sauti ya marehemu ikauliza sebuleni, "Mama watoto, chai yangu iko wapi?" Hakuna aliyesogea, isipokuwa mama. Aliinuka mkekani, akaenda jikoni, akarudi na chupa na kikombe, akasimama mbele ya meza, na hapo ndipo alipokumbuka. Shemeji alikipokea kikombe kile mkononi mwake, akamkalisha mama, akakaa chini karibu naye akainywa ile chai yote, kisha akaizima kompyuta yeye mwenyewe, akanitazama akasema, "Shemeji, soma wewe."

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari wa wodi ya koo, ambao kila mara walivuta kiti wakaketi kabla ya kutuambia habari nzito, na muuguzi ambaye hakumpigia baba kelele kama walivyofanya wengine, waliodhani asiyesema hasikii. Tunawashukuru majirani, hasa aliyeliacha geti lake wazi wiki nzima ili gari la wagonjwa lipate pa kugeuzia, wafanyakazi wenzake wa kiwandani mlioketi na mama bila kumlazimisha kuongea, na wanafunzi wake mliofika alfajiri mkafagia duka lake. Shukrani za pekee ni kwa shemeji, kwa sauti ile, maana ilitupa mwaka mzima wa kumsikia akiwa nyuma yake.

Baba, nimekwama mahali pawili, watu wamenisubiri, nimefika. Wakati wa kukuvisha, mume wangu aliuliza mikono iwekwe wapi, kwa kuwa tuliizoea mgongoni, na mama akasema ilazwe mbele, kazi yake ya kujizuia imekwisha. Basi lala, baba, mikono ikiwa mbele, pumzika kwa amani.