Nani Alimfunza Kathure Gongo

Kiambi alipanda basi Kanyakine aende kumtoa binti yake Kathure shuleni Embu, aje apure maharagwe kabla mvua haijayaharibu. Nyuma yake watu wawili walikuwa wakibishana juu ya fainali ya hoki, mpira wa magongo, ya mchana huo katika shule hiyo hiyo.

"Huyo Kathure ni Beverlyne wa timu ya taifa," alisema kijana mwenye traksuti. "Anainama chini kabisa, halafu anachapa."

"Wacha uongo," mama muuza ndizi akamjibu. "Beverlyne akichapa mara moja anapumzika kama bibi harusi. Huyu hapumziki. Huyu ni Sabirin mtupu, yule mwenzake wa timu ya taifa."

"Sabirin ni wa mbio, mama. Hii mikono imefunzwa na kocha wa ng'ambo."

Kiambi akakohoa. Mikono hiyo ilifunzwa na fimbo ya kupura maharagwe, yeye akiwa kando akimgombeza ainame zaidi.

"Basi huyo kocha lazima ni mkali," mama akasema.

"Mkali sana," Kiambi akajikuta amesema.

"Unamjua, mzee?"

"Kidogo."

Basi likasimama langoni mwa shule. Wale wawili walishuka wakiwa bado wanabishana, na Kiambi akawafuata kiwanjani, akiyatazama mawingu kwa jicho moja.