Ng'ombe Wanne kwa Sura ya Saba

Sogeeni, wanangu, mkae karibu na kitanda, maana sauti hii iliyokuwa ikisikika hadi darasa la jirani siku hizi haivuki hata blanketi. Liz, acha kupanga vikombe. Gisiri, toa mikono mfukoni, hapa si Awendo unapongoja lori la miwa. Nawe dada yangu Robi, vuta kigoda uje, kwa sababu nitakayoyasema yanakuhusu, na nimeyakimbia miaka thelathini na mmoja.

Shamba halina maneno, mlikwisha kuonyeshwa mipaka mbele ya wazee. Baiskeli ni ya Gisiri. Kilichobaki ni kile kilichomo kwenye sanduku la bati: kurasa mia mbili na ishirini nilizoandika kwa mkono tangu nilipostaafu ualimu, kitabu cha maisha yetu sisi watu wa mpakani. Mnakijua. Mmekicheka. Hamjakisoma.

Nilikitembeza kama baba anayemtafutia mchumba binti aliyekawia. Wachapishaji wa Nairobi walikaa nacho mwaka na nusu, wakajibu kwa barua safi yenye muhuri: Mwalimu, tutakichapa, ila sura ya saba uitoe, na mwishoni uweke karamu ya mavuno, maana mtoto wa shule hapaswi kufunga kitabu analia. Nikakataa. Baada ya uchaguzi huu wa vyama vingi akaja mheshimiwa mmoja na gari lake, akaapa kukigharamia chote mradi picha yake ikae kwenye jalada. Nikamuuliza, "Umekisoma, mheshimiwa?" Akasema, "Nimekipima kwa mkono, Mwalimu. Ni kizito." Liz, wewe ulisema utakitoa kwa stensili, kwenye mashine ya mitihani ya shule yenu kule Rangwe, nakala hamsini za kubana kwa pini, nami mpumbavu nikakudharau. Nilitaka kitabu chenye mgongo, kinachosimama chenyewe kwenye rafu, jina langu ubavuni.

Basi nikaenda kwa Momanyi, mpiga chapa wa Migori mjini, anayeishi kwa programu za matanga, amezoea wafu hata kadi za harusi ya binti wa mchungaji zilitoka zimeandikwa "tutamkosa daima." Cheka polepole, Robi, mbavu zangu hazina nguvu ya kukufuata. Momanyi hakuuliza habari ya sura wala karamu. Alisema, "Mwalimu, gharama ni yako, basi na kila neno ni lako." Nikaona nimepata mtu.

Sikilizeni sasa hiyo sura ya saba, maana maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Mnaijua desturi yetu: binti akiolewa, ng'ombe wake ni wa kaka aliyepangiwa naye, aoe nao. Robi alipangiwa Gichana, mdogo wangu. Ng'ombe wa Robi walipofika, Gichana alikuwa ng'ambo ya mto anachunga, baba yetu alikuwa kaburini, nami nilikuwa na cheti kipya cha ualimu na haraka ya kumwoa mama yenu, Mungu amlaze, ambaye hakujua lolote. Nikawaswaga wote. Robi, uliponiuliza, nilikuambia Gichana amekubali kungoja. Hakukubali. Hakuulizwa. Aliporudi akakuta zizi tupu, hakunipiga wala hakunitukana. Alitazama alama za kwato kwenye matope, akachukua upinde, akavuka mpaka na vijana wenzake kwenda kuteka ng'ombe wa watu. Wenzake walirudi. Tukasema amekufa shujaa, na mimi nikatoa hotuba, wazee wakanipa mkono kwa hotuba nzuri.

Robi, usigeuze uso. Au geuza tu. Una haki.

Hilo ndilo nililotaka lichapwe, watu walisome hata nikiwa chini ya udongo. Lakini liko moja ambalo halimo kitabuni, Gisiri, na ni lako. Wale ng'ombe wanne walioletwa kwa ajili ya Liz, ambao ni haki yako, ambao wazazi wa mchumba wako Dolphine wanawangoja kule Sindo, sikuwapeleka kuchanjwa kama nilivyokudanganya. Nilimpelekea Momanyi. Wamefungwa nyuma ya kiwanda chake tangu Jumanne, ndio gharama ya kitabu. Niliwaswaga mwenyewe kwa miguu hii, na ndiyo safari iliyonilaza hapa. Pale darajani yule mwekundu aligoma, akanitazama, nikampiga fimbo. Nilijua ninafanya nini, mwanangu. Miaka mitano nimeandika nikiungama kosa, kisha nikalitenda tena ili nilipie ungamo.

Momanyi ataanza kupanga herufi Jumatatu. Nimemwambia, akija Gisiri kabla ya hapo, neno lake ndilo neno langu. Ukiwataka ng'ombe wako, wafungue, kitabu kife. Ukiwaacha, kitabu kitatoka, na Dolphine atakungoja au hatakungoja. Gichana sikumuuliza. Wewe nakuuliza. Usinihurumie, huruma kwa anayekufa ni kitu rahisi, huisha pamoja na uji wa matanga.

Umesimama.

Kamba iko nyuma ya mlango. Siyo hiyo. Ile ndefu, ya mkonge, yule mwekundu ana nguvu.

Liz, mwachie shati! Mwache. Nimeuliza, amejibu. Gisiri, pitia njia ya chini, mvua imekula barabara ya juu... Umwoe. Usiwaeleze wakwe habari zangu mpaka watakapouliza, wakiuliza usifiche.

Nipe maji kidogo. Basi, yatosha. Liz, zile kurasa zisichomwe. Robi akitaka kusomewa, msomee wewe, kwa sauti, usiruke mstari. Asipotaka, usimlazimishe, mpe sanduku akae nalo. Mnizike kando ya mama yenu, siku ya tatu, msingoje mheshimiwa. Upande wangu wa kushoto mwache nafasi ya mtu mmoja, mweke jiwe, mseme ni la Gichana... hata kama hatujui alipo.

Mkono wangu mzito. Uinue, Liz, uuweke... ndiyo. Mungu awape zizi na watoto, na ulimi wa... wa kuuliza kabla ya kuchukua. Lango limelia. Amefika barabarani. Mbarikiwe, wanangu... wote... lakini Gisiri kwanza. Gisiri... kwanza.