Kompyuta Nzima

Benchi la kinyozi liko chini kabisa ya dirisha la Mwalimu, na asubuhi hiyo Mwalimu alikuwa amelikalia kama mtu aliyefukuzwa kwake. Hakufukuzwa. Ufunguo ulibaki ndani, mlango ukajifunga, na ufunguo wa pili alikuwa nao mkewe, kazini, mpaka jioni. Juu kulikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta barua ya binti yake ya kuomba nafasi ya chuo. Mwisho wa kupokewa, saa sita kamili. Kinyozi, waliyemwita Antena, aliwahi kumwekea kwenye simu kitufe cha kuiamsha kompyuta hiyo na kuitumia akiwa mbali, kupitia mtandao wanaochangia. Mwalimu alikuwa ameshakibonyeza mara kumi na saba.

— Bonyeza tena, alisema Antena.

— Kidole kimeota sugu, bwana.

— Imelala au imezimwa? aliuliza Wakili, muuza magazeti ambaye mahakamani hajawahi kukanyaga. Iliyolala huamshwa. Iliyozimwa kwenye swichi ya ukutani utaibembeleza mpaka uote mvi.

— Hilo ndilo nililomuuliza mama watoto. Kajibu, kisha simu kaiweka kabatini. Ndiyo sheria ya kazini kwao.

Akawaonyesha ujumbe: “Nzima, usijali.”

— Si hiyo hapo, iko hai! Antena alipiga paja. Tatizo liko hewani. Lile bati jipya la jirani linarudisha mawimbi.

— Bati gani! alisema Wakili. Hiyo ni “nimezima”. Mama wa watu alikuwa na haraka, kameza herufi tatu. Vunja mlango.

— Nivunje mlango wa mwenye nyumba kwa herufi tatu?

— Labda inaijua sauti yako, alisema Antena. Hebu iite kwa upole.

— Au imeamka kitambo, Wakili akadakia, ila imekuona ulivyonuna, inajifanya imelala.

Mwalimu alifumba macho. Miaka ishirini na miwili alikuwa akifundisha lugha. Kwa kalamu nyekundu aliwakata alama watoto wa watu kwa neno hilohilo. Leo lilikuwa mbele yake, na halisomeki.

Saa sita kasoro dakika tisa binti yake akatokea, anahema.

— Shikamooni. Baba, barua imeenda?

Wote watatu wakamweleza kwa mpigo: bati, herufi, sauti ya upole. Binti akausoma ule ujumbe.

— Sasa baba, wewe ulimuuliza nini?

Mwalimu akaupandisha ujumbe kwa kile kidole chenye sugu. Swali lake lilikuwa pale, maneno mawili tu: “Kompyuta vipi?”

Antena akatazama viatu vyake. Wakili akainamisha birika la kahawa lililokuwa kando ya benchi. Likatoa tone moja, likanyamaza.

Mwalimu akavua miwani, akampa binti yake aishike, akaanza kupanda ngazi, bega mbele.